Gego Lenye Masikio

"Sindano, Sindano. Hapa Mtungi. Maji yamevuja tena."

Sindano alibonyeza kitufe cha Motorola bila kugeuza shingo.

"Nimekupata, Mtungi. Yamevujia wapi?"

"Mezani. Mkurugenzi wa Kampuni kaingia kikaoni na majibu kabla hajaulizwa maswali. Ziba. Leo hii."

"Nimekupata."

Redio ikakata.

Sindano alikuwa ndani ya Probox yenye vumbi, gari ambalo hakuna anayelitazama mara mbili. Kwenye kisanduku cha mbele kulikuwa na Browning iliyojaa risasi na kalamu isiyoandika. Kalamu ile ikikaribia chombo kinachorusha mawimbi hutetemeka mkononi kama panzi aliyeshikwa. Alikuwa anatafuna karanga, upande wa kushoto tu. Upande wa kulia lipo gego lililovikwa kofia na hospitali ya Ofisi, idara ya usalama iliyomwajiri, bure kabisa, baada ya mtu kumchapa kitako cha bunduki akiwa kazini. Mpaka leo maji ya baridi yakigusa pale, anaona nyota.

Sasa tueleweshane mapema.

Kampuni ilikuwa inaitaka Mamlaka ya Maji. Mabwawa, pampu, mabomba, mpaka tone linaloangukia ndoo yako. Tuiite Kampuni tu, maana jina inabadilisha kila ikifilisi watu. Walianza na reli, wakaapa kwamba itakwenda mbio. Leo mbuzi wanalala juu ya mataruma. Wakaja na umeme, na giza lake tunalijua. Kuna wanaosema yale yamepita. Hayajapita. Waliofukuzwa karakana ya reli bado tunakutana nao barabarani wakiuza soksi, na majina yao tunayo kichwani, mmoja mmoja.

Safari hii wafanyakazi wa maji waligoma kuachia. Wakamchagua msemaji: fundi mkuu wa mabomba, mtu mwenye mwili wa pipa, ambaye kila mtu alimwita Bomba. Lakini kila walipojifungia ukumbini kukubaliana wasimame wapi na walegeze wapi, kesho yake Kampuni iliingia ikiwa inajua yote. Neno kwa neno.

Basi wakatafuta msaliti. Na watu wakitafuta msaliti kwa njaa ile, hawakosi.

Walimpata mshika pampu, aliyekuwa akilinda mlango wa ukumbi. Shemeji yake Bomba, kaka wa mkewe. Walimpiga getini kwa spana zake mwenyewe. Jioni ya leo hii, baada ya kikao cha mwisho cha saa kumi, wangepiga kura afukuzwe kazi, na nyumba ya Mamlaka aihame yeye na wanawe. Bomba mwenyewe ndiye aliyetoa hoja.

Na usidhani Ofisi iliwapenda wafanyakazi. Iliudhika tu kwamba mgeni anasikiliza kwenye nchi ambamo kusikiliza ni kazi yake.

Lango la ukumbi, mbele ya Probox, likafunguka. Bomba akatoka peke yake, kajishika shavu. Shavu lilikuwa limevimba kama amefumbata limau mdomoni.

Sindano akawasha gari.

*

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Benchi la mbao, feni inayolalamika, picha ya jino linalocheka. Sindano akakaa karibu na Bomba.

"Linauma, kaka?"

"Usiniulize, ndugu yangu. Jana nimemlilia mke wangu kama mtoto. Naye kanijibu, nenda kamlilie kaka yangu mliyemvunja mbavu."

"Pole. Ulishawahi kutibiwa?"

"Si hawa Kampuni! Walileta gari la afya, jeupe, siku ya wafanyakazi. Wenzangu wakapewa miswaki. Mimi nikaambiwa gego langu linahitaji kofia. Bure! Nikasema moyoni, kumbe hata hawa wana utu." Akatema damu kwenye kitambaa. "Tangu hapo jino la jirani halinipi usingizi."

Sindano akaacha kutafuna.

"Wewe peke yako ndiye uliyepewa kofia?"

"Mimi peke yangu. Bahati, eh?"

Nesi akamwita Bomba ndani. Mlango ukabaki wazi kidogo, na Sindano akawa anaona kiti, taa, na mikono ya Daktari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeshindana na mashine siku nzima.

"Nani aliyekufanyia hivi?" Daktari alifoka. "Hili lenye kofia lilikuwa jino zima! Wamelisaga zima, wakabandika kofia kama wanaziba pancha. Ukingo umekaa upande, chakula kimeingia, limeoza la jirani. Fungua. Zaidi. Haya."

Ganzi ikaingia. Mpira wa buluu ukatandazwa mdomoni, jino bovu peke yake likachungulia. Bomba akafumba macho chini ya taa, na usingizi alioukosa siku nyingi ukamchukua.

Daktari akatoboa, akaingiza sindano nyembamba kwenye mzizi, akaiunganisha na kipimo. Ni kisanduku kidogo chenye kioo. Umeme mdogo sana unashuka na mzizi, na namba zinamwambia daktari amebakiza kiasi gani kufika mwisho. Akipitiliza, anachoma nyama. Akipunguza, anaacha uozo.

Namba zikashuka vizuri. Kisha zikaruka. Zikarudi, zikaruka tena.

"Nesi! Zima simu."

"Nimeizima tangu asubuhi, Daktari."

"Na ya mgonjwa?"

"Hii hapa, betri nimeitoa."

"Basi kuna mchawi humu ndani. Hii mashine mawimbi yakiisogelea inapandwa na wazimu."

Nje kwenye benchi, Sindano aliinuka. Akaingia bila kubisha, kidole kimoja mdomoni, kitambulisho cha Ofisi mkono wa pili. Daktari akafungua kinywa kufoka, akakisoma kitambulisho, akakifunga.

Sindano akatoa ile kalamu mfukoni, akaisogeza kwenye ukuta. Kimya. Kwenye taa. Kimya. Kwenye shavu la Bomba.

Kalamu ikatetemeka mpaka ikataka kumponyoka.

Akamwonyesha Daktari kofia ya gego. Kisha akaligusa sikio lake mwenyewe. Hakutamka kitu, maana lile gego lilikuwa linasikia.

Daktari alielewa. Akauvua mpira wa buluu. Akachukua nyundo ndogo ya kuvulia, akagonga mara chache kwa utaratibu, na kofia ikatoka. Ndani yake, badala ya saruji tupu, kulikuwa na kitu cheusi kidogo kama punje ya ulezi, na uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele.

Sindano akaitumbukiza kwenye kopo la chuma, akafunika. Mawimbi hayatoki humo.

"Sasa pima," alinong'ona.

Daktari akapima. Namba zikashuka, zikatulia. Sindano akainama aone vizuri.

Zikaruka.

"Simu yako!" Daktari alisema kwa meno.

Sindano akafungua viganja. "Iko garini. Na redio pia."

"Basi sogea huko, unaniziba mwanga."

Akasogea. Lakini akili yake haikuwa tena kwenye namba. Kinasa sauti kidogo namna ile hakiwezi kurusha mbali. Anayekisikiliza lazima awe karibu. Kila siku. Kila mahali Bomba anapokwenda.

Chini barabarani, injini ikanguruma.

Sindano akafika dirishani. Gari jeupe lenye picha ya mswaki lilikuwa linarudi nyuma kwa pupa. Wameona kimya. Wameshtuka.

Hakutumia ngazi. Aliruka.

*

Probox ilishika barabara ikilia tairi.

Gari jeupe lilikata kona ya kwanza, likapanda kando, likawatawanya wauza viatu. Sindano nyuma. Kona ya pili. Risasi ikapasua kioo cha mbele, ikalala kwenye kiti cha abiria. Sindano akainamisha kichwa na kukanyaga mafuta.

Kona ya tatu ndiyo iliyowaponza. Mamlaka ya Maji ilikuwa imechimba mtaro pale kubadilisha bomba, na mafundi waliotakiwa kuuwekea kibao cha onyo walikuwa ndio kwanza wamekwenda kunywa chai. Kampuni iliyotaka kumiliki mabomba yote ya mji haikujua moja limelala wapi.

Gari jeupe likazama kwa pua.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamume mwenye koti la daktari na meno meupe kupita kiasi, bastola mkononi. Mafaili ya Ofisi yalimwita Tabasamu. Alikuwa amewahi kuvunja vyama vya wafanyakazi katika nchi tatu, na kila mara aliondoka akicheka.

Browning ilibweka mara moja. Bastola ya Tabasamu ikaruka ndani ya maji ya mtaro.

Akacheka.

"Kijana, hasira za nini? Sisi na ninyi ni wateja wa fundi mmoja. Vile vitu vidogo tunanunua dukani kwenu."

"Lala chini."

"Kamuulize bosi wako."

"Nimesema lala."

Alilala, akafungwa pingu. Ndani ya gari kulikuwa na kipokezi, vipokea sauti vya masikioni, na mkanda unaozunguka. Sindano akausikiliza kidogo. Sauti ya Bomba, nzito, kutoka ndani ya fuvu lake mwenyewe: *Shemeji, wewe ndiye uliyetuuza. Usiniite shemeji.*

Akauzima.

"Mtungi, hapa Sindano. Nimeziba."

"Safi sana. Nani?"

"Tabasamu. Kifaa kilikuwa kwenye gego la msemaji. Mshika pampu hana kosa. Naomba ruhusa niwaambie wafanyakazi kabla ya kikao."

Redio ilikwaruza.

"Sindano, kofia iko wapi?"

"Kwenye kopo."

"Irudishe."

"Rudia, Mtungi?"

"Fundi wetu yuko njiani, atabadilisha wimbi. Irudishwe mdomoni. Serikali inataka mkataba wa kuiuzia Kampuni maji utiwe saini leo, lakini itie yenyewe, kwa bei yake, si kwa kuibiwa siri na wageni. Na sisi tutapenda kujua huyo Bomba analegeza wapi."

"Na mshika pampu?"

"Kuna nini na mshika pampu?"

Sindano akatazama maji yakijaa mtaroni.

"Nimekupata," alisema.

*

"Mimi ni daktari," Daktari alisema. "Si kipaza sauti chenu."

Walikuwa koridoni. Fundi wa Ofisi alimpa simu. Daktari akasikiliza. Waliosimama karibu walisikia maneno machache tu: leseni, kodi, mwanao chuoni. Akarudisha simu, akaingia ndani, akanawa mikono muda mrefu.

Aliibandika. Safari hii ukingo ulikaa sawa kabisa, kwa sababu hakujua kufanya vibaya hata alipolazimishwa.

Sindano akapitisha kalamu karibu na shavu la Bomba. Haikutetemeka. Kalamu ilitengenezwa na Ofisi, na Ofisi haikuifundisha kuinusa Ofisi yenyewe.

"Daktari, Mungu akupe maisha," Bomba alisema kwa midomo iliyokufa ganzi. "Dah, hata halinichomi! Leo wale mabwana wataniona."

Daktari aligeuka. Alikuwa anafuta kipimo chake, na alikuwa anamtazama Sindano kwa jicho la kushangaa, kama mtu anayetaka kuuliza jambo halafu anaacha.

*

Nyumba ya pampu ilikuwa inanguruma kiasi cha kutetemesha meno. Sindano alikuwa amefanya kila alichofundishwa: simu garini, redio garini, hata saa ya mkononi garini. Hakuna mawimbi yatakayotoka humu.

Mshika pampu alikuwa anapaka grisi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa kifuani.

"Umekuja kunimalizia upande huu?"

"Nimekuja kukwambia si wewe."

"Hilo nalijua, bwana. Tatizo nalijua peke yangu."

Sindano akamwinamia sikioni na kumweleza. Gari la afya. Kofia. Tabasamu. Ofisi. Kila kitu. Kwa maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusema sentensi nyingi namna ile.

Mshika pampu aliweka kopo la grisi chini.

"Kwa hiyo nimevunjwa mbavu kwa ajili ya jino?"

"Ndiyo."

"Tena la shemeji." Akacheka, akashika mbavu, akaacha kucheka. "Dada yangu kakatazwa na mumewe kunifungulia mlango. Anasikia naingia, anapunguza taa. Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa sikio." Akapangusa uso kwa mkono wenye grisi. "Nimwambieje, sasa? Nikisema mbele yake, si linasikia?"

"Usiseme. Mvute mbele ya kioo, umfungue kinywa, umwonyeshe kwa kidole. Kisha mpeleke kwa Daktari, ling'olewe. Kikao ni saa kumi. Bado una wakati."

"Na wewe?"

"Mimi sikuja hapa."

Mshika pampu akachukua kofia yake ya kazi, akaivaa.

"Mtu wa Ofisi aliyenisaidia," alisema. "Nikiwahadithia hii ndiyo watanipiga zaidi."

Akatoka nusu akikimbia, akichechemea, kofia ya kazi kichwani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa akitembea kama mtu anayengojewa mahali.

Alifika getini.

Land Cruiser isiyo na namba ilitokea kando ya tangi. Milango miwili ikafunguka kabla haijasimama. Hapakuwa na kelele. Kofia ya kazi ndiyo iliyobaki chini, ikizungukazunguka, kisha ikatulia.

Sindano alisimama kwenye kivuli cha mlango wa pampu.

Hawakuuliza wamchukue nani. Hawakutafuta. Walijua.

Simu garini. Redio garini. Saa garini.

Taratibu, mkono wake ukapanda shavuni. Upande wa kulia.

*

"Nilijua utarudi," Daktari alisema.

"Ile mashine. Unaweza kuipima bila mgonjwa?"

"Ina kipande chake cha kujaribia." Akakichomeka. Namba zikasimama wima, hazikutikisika.

"Ngoja." Sindano akatoka mpaka koridoni. "Zikoje?"

"Zimetulia."

Akarudi, akasogea, akainamisha shavu karibu na kioo.

Zikaruka. Zikapagawa.

Daktari akaizima mashine. Feni ililalamika. Sindano alikuwa anahesabu kichwani, si namba, bali watu. Mpashaji habari aliyekutwa mferejini. Mwandishi ambaye yeye Sindano alimwonya ahame, akakamatwa stendi na begi mkononi. Mwanamke ambaye yeye alimwambia anampenda, akahamishwa kikazi wiki ile ile. Wote aliwaambia kwa kunong'ona. Wote alijiona mjanja.

"Ling'oe," alisema.

"Nikupige ganzi kwanza."

"Hapana. Nataka nikumbuke."

Daktari alimfunga kitambaa kifuani kama mgonjwa mwingine yeyote. Koleo likashika. Jino lile lilikuwa na mizizi mitatu, na kila mmoja uligoma kivyake. Sindano alishika mikono ya kiti mpaka ngozi ikapasuka mshono. Lilipotoka, Daktari alilidondosha kwenye bakuli la chuma. Likalia kama sarafu.

Kwenye redio ya duka la vipuri, chini, mtangazaji alikuwa anasoma kwa furaha. Mkataba wa maji umesainiwa. Msemaji wa wafanyakazi amekubali masharti, baada ya Serikali kuja mezani na pendekezo lililogusa hasa pale walipokuwa tayari kulegeza. Msemaji ameshukuru. Wafanyakazi kadhaa watapunguzwa. Mmoja ametoroka kusikojulikana, na inaaminika ndiye aliyekuwa akivujisha siri.

"Bomba anasikia hayo," Daktari alisema polepole, "na kinywani bado analo."

"Mwite umtolee."

"Nitamwitaje? Nitamwambia nini, na kwa lugha gani ambayo hawaisikii?" Akavua glovu. "Na wakishaniona nimelitoa, mwanangu yuko wapi?"

Sindano aliinuka kitini. Alibandika pamba kwenye shimo, akachukua jino, akashuka kwa ngazi safari hii.

Nyuma ya jengo kulikuwa na choo cha shimo cha umma. Maji yalikuwa yamekatwa mara tu mkataba uliposainiwa, bomba limefungwa kwa kufuli mpya inayong'aa yenye nembo ya Kampuni. Foleni ya watu wenye ndoo tupu iliishikilia kona. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanangoja kama watu waliozoea kungoja.

Akaingia, akafunga mlango. Akalisogeza gego mdomoni, kwenye damu.

"Mtungi, Mtungi. Hapa Sindano."

Halikujibu, bila shaka. Lenyewe kazi yake ilikuwa kusikia tu.

"Maji yamevuja."

Akaliachia shimoni. Lilikwenda mbali sana kabla ya kupiga chini.

Wasikilize choo hicho sasa. Wakiwekee na zamu.

Alitoka, akafunga kifungo cha koti, akavaa miwani. Upande wa pili wa barabara ile Land Cruiser isiyo na namba ilikuwa imesimama, injini inawaka, na dirisha la nyuma lilikuwa linashuka. Sindano aliiona. Akawapita wenye ndoo, mmoja mmoja, akiwatazama nyuso ili azihifadhi, akashika njia ya chini, mikono mfukoni, hatua za mtu asiye na haraka.

Hakukimbia. Mji mzima haukuwa na mahali pa kukimbilia.